Safu ya Tatu

Fomu ina safu tatu, Ndahani.
Ya kwanza: wengi. Ya pili: haba.
Siku tatu Kiboriani, viatu chepechepe kwa umande,
nimehesabu visiki vya mninga kumi na saba,
matanuri mawili ya mkaa, yangali na moto.

Kwaru sikumwona.
Nilimsikia, mara moja, ng'ambo ya korongo,
kama mtu afunguaye mlango wenye kutu
kisha akaghairi.

Mpwapwa mjini, hotelini kwa mama Chilewa,
yupo mmoja tunduni.
Anakohoa kikohozi cha marehemu mumewe;
wageni huuliza mzee anaendeleaje.

Huyu nimwandike wapi?

Safu ya tatu inasema: hawapo.
Kalamu imegoma.
Naipulizia pumzi, naisugua kiganjani,
wala sina haraka.