Muhtasari wa Kikao, Mtaa wa Maghala, Lindi

Kikao kilifunguliwa saa nne kasorobo
badala ya saa tatu, kwa kuwa ufunguo wa ofisi ya kata
ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kuzika Ng'apa.
Waliohudhuria: thelathini na wawili.
Waliotoa udhuru: hakuna. Hawakuja tu.
Mimi, Tabu Chinguile, katibu,
niliandika kwa kalamu ya kuazima.

Ajenda ya kwanza. Bwana Abdurabi Mnyangulu,
saruji, mabati, korosho kwa msimu,
alisimama na mchoro uliokunjwa kama mkeka:
maduka mapya Mitwero, maegesho ya magari mia,
lami, taa, na bwawa la maji ya kurukaruka katikati
(wa Mikumbi waliguna; kwao maji hutoka Jumanne).
"Huu mji wa chini umekwisha," alisema.
"Maiti havishwi suti."
Nimeandika: wajumbe walicheka.

Ajenda ya pili. Somoe Likwata, fundi cherehani,
hakuwa na mchoro. Alikuwa na daftari la hesabu
la mwanawe wa darasa la tano, kurasa za nyuma.
Alihesabu mtaa kwa miguu, alfajiri, siku tatu:
milango arobaini na mmoja,
ishirini na mitatu imefungwa,
tisa kati ya hiyo ina kufuli zilizosahau funguo zake.
"Lakini bomba limeshapita chini yake.
Nguzo zimeshasimama. Shule ipo hapo,
mtoto anafika viatu havijashika vumbi.
Kule mtaanza na bomba, mkope;
nguzo, mkope;
na mama mwenye kilo mbili za unga,
nauli ya kumrudisha nani atatoa?
Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulikaririshwa.
Nyie ukuta mnaujenga kwingine,
ufa mnatuachia sisi."

Muhtasari hauna mahali pa kuandika kimya.
Niliruka mstari mmoja.

Kisha Mnyangulu akauliza, taratibu:
"Mlango wa kumi na saba umeuandikaje?"
Somoe akalamba kidole, akafunua.
"Umefungwa. Paa limetoboka.
Ndani kuna mizani, sahani moja."
Ilikuwa mizani ya baba yake.
Hakulia; mwenye duka halii mbele ya wadeni.
Aliuliza bei ya bati, yeye muuza mabati,
na hapo hata mwenyekiti alicheka.
"Nitayatoa kwa bei niliyonunulia.
Mtanilipa korosho zikiuzwa.
Si sadaka. Andika, katibu: si sadaka."
Nimeandika.

Maazimio. Mwenye mlango aufungue, au ampe atakayeufungua.
Anayekarabati, miezi sita hadaiwi kodi.
Chini duka, juu watu walale,
taa ziwake ghorofani, mwizi akose giza la kupanga.
Mtaro tuuzibue wenyewe Jumamosi, kila mlango jembe moja.

Mengineyo. Mwanashuru Nampunju, vitumbua,
alinyoosha mkono watu wameshashika viatu.
"Mtaa ukipendeza, na kodi itapendeza?
Meza yangu iko baraza ya mlango wa tatu,
mwaka wa kumi na moja huu.
Mkija na ndoo za rangi, mtanipaka na mimi
au mtanifuta?"
Mwenyekiti alisema muda umekwisha.
Muda haukuwa umekwisha. Nilikuwa na saa.

Jumamosi walikuja kumi na wanne, majembe tisa.
Mtaro bado unanuka, ila sasa unanuka ukitembea.
Mlango wa kumi na saba una bati jipya
linaloumiza macho saa sita mchana.
Mizani imepata sahani ya pili, ya sufuria.
Wa kumi na tisa umefunguliwa, wa ishirini umeahidi.
Mlango wa tatu umepigwa chokaa,
na mwenyewe ameshaulizia bei za Mtwara.

Kikao kijacho, ajenda ya kwanza ni swali la Mwanashuru.
Nimeliweka mimi. Sikutumwa.
Na kalamu ya watu sijairudisha.