Kisichokauka

Hapa Mafinga sote tunanuka paini.
Malori ya magogo hayalali,
unga wa misumeno hutua hadi kwenye chai,
na paini, jamani, ni mti mwepesi wa tabia:
ukiupaka leo unakunywa,
kesho umekauka,
keshokutwa kabati limeshapata mwenyewe.

Mpingo ulinijia kwa basi,
umeviringishwa kanga kuukuu,
kutoka Liwale, kwa kaka yangu Atanasi.
Fito mbili nyeusi, nzito kama chuma cha reli,
na kikaratasi:
*Tumbo la upinde liwe hili.
Mgongo uweke mwanzi.
Usipake haraka.*

Hatukuwa tumesemeshana tangu matanga ya baba.
Nilikisoma mara tatu,
nikatii mistari miwili.

Mwanzi nilikuwa nao, wa ulanzi,
uliostaafu kugemwa, mkavu, mpole.
Nikapaka gundi, nikabana, nikalala.
Asubuhi nikaukuta umeachana na mpingo,
kila mmoja amegeukia ukuta wake.
Nikaufuta mpingo kwa spiriti:
kitambaa kikatoka zambarau,
cha pili zambarau,
cha sita ndipo kikatoka na haya kidogo.
Nikagandisha palepale, mbio,
kabla mafuta hayajapanda tena kutoka ndani
kama watu wanaorudi baada ya mvua kukatika.
Ukashika.

Hapo ndipo kiburi kiliponiingia.
Vanishi ya kopo, mikono mitatu,
Julai, ukungu umelala hadi saa nne,
mng'ao mpaka naiona pua yangu.
Siku ya tano unanata.
Siku ya tisa unanata.
Nikauanika, nikausogeza karibu na jiko la mkaa,
nikaupulizia pumzi kama uji wa mtoto.
Siku ya kumi na nne akaja mwenye mali,
Mzee Mhongole wa Ifunda,
akaushika katikati, akavuta upote hadi sikioni,
akaachia.
Upinde haukumwachia yeye.
Vidole vinne na dole gumba vikabaki pale,
mistari yote, kama kwenye kitambulisho.
"Fundi," akasema, akiutazama mkono wake,
"huu upinde una njaa ya watu."

Usiku nikampigia Atanasi.
Alicheka hadi salio langu likakatika,
akapiga yeye, akaendelea alipoishia.
"Mti umejaa mafuta yake tangu bibi hajavunja ungo,
nawe unauletea ya dukani!
Vanishi haikauki juu yake. Haijui pa kushika."
Kisha akanyamaza.
Nikasikia vyura wa huko kwake.
Nami nikanyamaza, lakini sikukata.

Nikakwangua kwa kipande cha chupa ya soda,
vidole vya mzee vikatoka vya mwisho,
vikajikunja sakafuni, vyeusi, vilaini.
Spiriti tena.
Halafu sheleki, magamba yake niliyaomba Iringa
kwa mtengeneza vinanda vya kanisa,
nikayayeyusha ndani ya chupa ya jemu:
pamba, tone, mkono mwepesi,
unapita tu, husimami,
kama unafuta machozi ya mtu asiyetaka aonekane analia.
Maji ya ugali hayajachemka,
ukawa mkavu.
Mkavu! Nikauparaza shavuni kuhakikisha.
Nta ya nyuki juu, kitambaa cha sufi, basi.

Mzee Mhongole alirusha mishale saba nyuma ya ghala la mahindi.
Mitano ilipata gunia.
Manyunyu yalianza, na maji yakasimama juu ya upinde
vitone vitone, yakakosa mlango.
Alilipa nusu, nusu baada ya mavuno.

Fito ya pili ningali nayo dirishani.
Watu wanauliza bei, nasema bado.
Asubuhi za baridi nikiipitishia dole gumba
linarudi na ung'avu kidogo,
si wa kopo lolote.
Atanasi kasema atakuja Desemba.
Sijaipaka.