Kilo Moja Katika Tani

Kalunde amerudi Urambo na daftari la chuo,
anakaa juu ya marobota ya tumbaku, ananisomea sayari.
Haina jina. Ina namba,
kama mkulima kwenye kitabu cha chama.

Mwaka wake ni siku kumi na moja:
ukikopa mbolea Jumatatu,
deni limeiva kabla wiki ya pili haijaisha.
Upana, dunia moja na nusu. Uzito, dunia nne.
Huko robota la kilo sitini
lingesoma mia na saba kwenye mzani wangu,
na wakulima wangenipenda, walau msimu mmoja.

Nani aliipakia mzanini? nauliza.
Anacheka. Hakuna aliyeiona, shangazi.
Inapita mbele ya nyota yake, nyota inafifia
sehemu moja katika elfu.

Kilo moja katika tani.
Miaka kumi na tisa nautazama mshale huu.
Kilo moja katika tani ni umande,
ni kamba ya katani,
ni kidole cha mtu mwenye watoto.
Nimeiacha ipite mara ngapi?
Na wenzetu, kwa kilo hiyohiyo, wamepata ulimwengu.

Na hewa yake?
Hapo anafunga daftari.
Hewa bado. Joto, kwa hesabu tu, nyuzi mia na kumi na kitu.
Huenda ni mvuke, huenda moshi,
huenda ni jiwe tupu, upande mmoja mchana usiokwisha,
upande wa pili giza.

Niachie mimi, nasema. Hiyo naijua.
Ni bani la Mihambo usiku wa tano wa kukausha,
hewa rangi ya asali iliyoungua,
tamu kwanza,
kisha inashika koo kama mdai.
Mawingu yamefungwa kwa vikonyo, yananing'inia,
yanasubiri kupangiwa madaraja.
Mvua yake ni ya njano na haifiki chini.

Anaandika. Mimi nakohoa,
kile cha kila msimu, si kitu.
Mzani huu hupigwa muhuri kila mwaka;
hewa ya ghala hili hajaja mtu kuipima.

Kalamu imesimama.
Naiona midomo yake ikihesabu
kati ya kikohozi na kikohozi,
kama anayengoja kitu kipite mbele ya taa.

Lete linalofuata, namwambia kuli.
Hamsini na nane. Na nusu.