Dumu la Lita Kumi

Likizo ya Juni, kipupwe kimeshaingia Lindi,
tulishushwa Mnazi Mmoja alfajiri,
vijana kumi na watatu, mabegi ya shule mgongoni,
mablanketi yamefungwa kwa kamba za katani,
na Mwalimu Nannauka, filimbi shingoni, akasema:
Rondo ni siku nne, kwenda na kurudi.
Anayetaka kulia alie sasa, gari bado lipo.

Hakuna aliyelia. Gari likaondoka.
Ndipo Somoe akakumbuka chumvi ameiacha kwenye kiti.

Dumu lilikuwa moja, la njano, la mafuta ya kula.
Tulilisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa ndimu,
maji yakabaki na ladha ya vitumbua vya jana.
Tulilibeba kwa zamu, mkorosho hadi mkorosho,
na mikorosho ilipokwisha, tukahesabu hatua,
na pumzi ilipokwisha, tukaacha kuhesabu.
Mama mmoja alituuzia ming'oko ya kuchemsha.
Tukaila bila chumvi, tukimtazama Somoe.

Siku ya pili njia ikasimama wima.
Mlima haupandwi kwa miguu, alisema Likwata,
unapandwa kwa matusi.
Kiatu cha Somoe kikafumbua mdomo
kikawa kinaongea kila hatua,
naye akakijibu.

Usiku baridi ikaingia hadi kwenye meno.
Komba wakaitana huko juu,
sauti nyembamba, za watoto walionyimwa.
Niliamka koo limekauka kama gome.
Nikatambaa. Nikalikumbatia dumu.
Nilikusudia funda moja.
(Nani asiyeijua hesabu ya funda moja?)
Kifuniko, gizani, nilidhani nimekikaza.

Asubuhi ardhi ilikuwa imekunywa yaliyobaki.
Mwalimu hakupuliza filimbi. Aliuliza tu: Nani?
Nilikitazama kidole changu cha mguu, chenye lengelenge,
kwa makini, kama niliyeambiwa nikichore.

Ausi ndiye aliyelala kando ya dumu.
Hakusema ni mimi, hakusema si mimi.
Aliliokota, akalitikisa, likajibu kwa tone moja,
akaliweka begani.
Basi. Hukumu ikawa imeshasomwa.

Wakamwita Komba, mlevi wa maji.
Komba, leo umelewa ngapi?
Komba, utuachie hata jasho!
Nami nikacheka. Nilicheka kuwapita wote,
nikacheka hadi Somoe akageuka kunitazama.

Kisima kilikuwa bondeni, nyuma tulikotoka.
Alishuka peke yake, akapanda peke yake,
majani yamezibwa mdomoni mwa dumu, tone lisimwagike.
Akagawa kwa kikombe, mmoja mmoja.
Changu alikijaza hadi ukingoni.
Hakunitazama.
Afadhali angenitazama.

Siku ya tatu tukafika juu, na juu hapakuwa na juu.
Tulitarajia ncha, mahali pa kusimama na kupiga kelele.
Tukakuta tambarare, ukungu, miti mirefu,
kuku wa mtu anaparua,
na mwanamke anayetwanga, akatuuliza
tumepotelewa na ng'ombe?
Likwata akazunguka mara mbili: Sasa hapa ndiyo wapi?
Mwalimu akaketi, akavua viatu,
akacheka peke yake, muda mrefu.

Siku ya kushuka, mabegi yakiwa tayari mgongoni,
Ausi alikuja akalitua dumu miguuni pangu.
Limejaa.
Wengine walikuwa wametangulia, wanaimba.
Kushuka ni wewe, akasema.

Nikamuuliza, kwa sauti isiyofika hata kwangu:
Kwani uliona?

Akafunga kamba ya kiatu, taratibu, fundo la kwanza, la pili.
Komba asione? Na macho yote yale?

Akaondoka akikimbia mteremko.
Nikalitwika. Nikafuata nyuma ya wimbo wao,
na maji, ndani ya dumu, kila nilipokanyaga,
yakasema hadi Mnazi Mmoja:
funda, funda, funda.