Karani wa Mizani, Wete

Kazi yangu ni kupima. Gunia likipanda mizani
naangalia mshale, si uso wa mwenye gunia.
Karafuu yenye makonyo naikata bei,
yenye unyevu nairudisha juani.
Miaka kumi na minne katika Wete hii
sijamwandikia mtu kilo ambayo hakuileta.

Ndiyo maana neno lile lilinikwama kooni tangu kipaimara,
kule Usangi, mbele ya mwinjilisti mwenye fimbo:
kuhesabiwa haki.
Kuhesabiwa! Si kuwa nayo. Kuhesabiwa.
Karani gani huyu,
anayeandika gunia zima
kwa mtu aliyekuja mikono mitupu?

Kalista, mke wangu, ni Mkatoliki wa Sumbawanga.
Jumapili tunatoka mlango mmoja,
tukifika kwa fundi cherehani tunaachana:
yeye kulia na rozari, mimi kushoto na kitabu cha nyimbo.
Hatujawahi kugombana kwa fedha.
Tumegombana kwa wokovu, usiku, taa imezimwa.
"Elirehema, imani yako imelala kitandani,
nani atateka maji?"
"Na wewe, Mungu unamlipa kwa ndoo?"

Juzi Padre Wenseslaus na Mchungaji Nderingo
walituita sote, tukajaa mabenchi manne
chini ya feni moja iliyozunguka kwa kuombwa.
Wakatusomea: mwaka wa tisini na tisa, huko Ujerumani,
wakubwa wetu waliketi, wakatia saini.
Kwamba ni neema tupu, si ujira.
Kwamba aliyepewa bure hakai bure.
Kwamba zile laana walizotupiana wa kale
hazimwangukii tena anayekiri hivi.

Kimya. Mzee Bonaventura akajikuna kidevu.
"Mimi harusi ya dada yangu
sikwenda, kwa ajili ya jambo hilo hilo."
Hakuna aliyecheka.
Dada yake, tunajua, alizikwa mwaka juzi.

Mchungaji akanitazama mimi, mtu wa mizani.
Nikasimama bila kujua nitasema nini.
Nikasema: jua la Wete halijamletea mtu ankara.
Kalista akadakia, hata mkono hakunyoosha:
"Lakini jamvi hutandikwa. Na mvua ikija, karafuu huanuliwa."
Nikasema: jamvi nalo tulipewa.
Akasema: na mkono wa kulitandika.
Hapo nikakaa,
maana hilo la mwisho lilikuwa langu
na alishalisema yeye.

Tulirudi njia moja, tukampita fundi bila kuachana.
Bi Mtumwa, jirani, alikuwa uani akichambua karafuu.
Akauliza ya mkutano, tukamweleza.
"Alhamdulillahi. Kwa hiyo sasa mwala pamoja?"

Kalista akashika pindo la kanga.
Mimi nikaangalia makonyo yaliyobaki unguoni.
Bado, Bi Mtumwa. Maneno yamepatana.
Meza bado.

Akautikisa ungo, akapuliza vumbi,
hakuuliza tena.

Jumapili iliyofuata, pale pa kuachana,
tulisimama hadi tukachelewa sote wawili.
Yeye hakwenda kulia. Mimi sikwenda kushoto.
Fundi akasimamisha cherehani yake,
akatuuliza kama tumedondosha kitu.