Sentimita Hamsini na Moja

Kazi yangu ni kupima.
Utepe wa manjano, wa fundi cherehani, ncha ya bati,
namba zimefifia kati ya arobaini na sitini
kwa kushikwa na vidole vilivyolowa mvua.
Fomu ina visanduku kumi na saba:
upana wa fuvu, unene wa shingo,
kimo toka ardhini hadi begani.
Hakuna kisanduku cha kuuliza kalelewa na nani.

Jumanne ile tulikutana kwenye kanisa la zamani la Cwm Hesgin,
viti vya plastiki, birika kubwa la chai, hita imekufa.
Meinir Bevan alisimama wa kwanza.
Hakupaza sauti.
Alisema, nyuzi thelathini na nane.
Alisema, binti yangu alishika kipande cha mkate, basi.
Alisema, tangu Agosti tunavuka barabara
kila tukisikia mnyororo unalia.
Akaketi, na kiti kikapiga kelele kuliko yeye.

Ndipo ukumbi ukapasuka.
"Mwana wa nyoka ni nyoka!"
"Samaki mkunje angali mbichi," akajibu muuza samaki,
watu wakacheka, kisha wakaona haya kucheka.
Daktari wa mifugo akataja takwimu,
hakuna aliyemsikiliza, akazikunja akazitia mfukoni.
"Mtozeni faini mwenye kamba, si mwenye mkia!"
Na kijana mmoja huko nyuma, kofia hadi machoni:
"Semeni kweli. Hamwogopi mbwa.
Mnatuogopa sisi tunaowafuga.
Mbona wale wa nyumba za mlimani hawapimwi?"
Diwani Prydderch akagonga meza kwa kijiko.
Meinir alikuwa akitazama mikono yake.

Mimi nilikaa karibu na mlango, utepe mfukoni,
kama mchimba kaburi aliyealikwa harusini.
Kura tisa kwa saba.
Zaidi ya hamsini, mbwa haruhusiwi.

Alhamisi nikabisha kwa Idwal Pugh.
Alikuwa amemwogesha. Amemwogesha kwa ajili yangu,
kama mtu anavyomwogesha mtoto wa kupelekwa kwa mwalimu mkuu.
Jina lake Siwgr, kwa lugha yao ni sukari,
jike, manyoya ya milia kama kuni zilizoungua nusu,
kichwa kama tofali, na pumzi ya samaki wa kopo.
Alinilalia gotini kwa uzito wake wote.
Nilimfungua mdomo, nikahesabu meno, arobaini na mawili,
kidole changu kikiwa ndani, katikati ya swali lile lile
walilolipigia kura.
Alinilamba.
Hilo nalo halina kisanduku.

Begani: hamsini na moja.

Idwal alizuia pumzi, yeye ambaye pumzi anazo chache,
mrija wa oksijeni ukipiga filimbi masikioni pake.
"Amesimama kwenye zulia," akasema.
Kweli. Zulia nene, la maua, chaguo la marehemu mkewe.
Sasa ardhi inaanzia wapi?
Juu ya maua, au chini, kwenye mbao?

Ndipo mtoto akapita dirishani akitoka shule,
ng'ambo ya barabara, mama kamshika kiwiko,
shavu lina mstari wa waridi kutoka jicho hadi kidevu.
Siwgr akainua masikio.
Basi. Akainua masikio tu.
Lakini nilihisi msuli ukikaza chini ya kiganja changu,
na sikujua, Mungu ni shahidi, sikujua
kama ilikuwa furaha.

Nikapima tena.
Utepe haukusema uongo. Mkono wangu ulitetemeka.
Idwal aliangalia ukuta. Mbwa aliniangalia mimi.

Nikaandika namba, kwa penseli.
Fomu inataka wino.