Chaki Kwenye Kioo

Bi. Kageha alinipa sharti kabla sijatoka ofisini:
keti nyuma yake, funga mdomo, andika.
Usimwonyeshe, usimsaidie. Hata akizama,
wewe hesabu mapovu.

Basi niko Kibuye, safu ya washonaji,
mabati yanalialia kwa jua la saa sita,
kompyuta nimeitua juu ya meza ya Syprose Awuor
kando ya mkasi na sare ya kijani isiyo na mikono bado.
Nikamwambia nilivyokaririshwa:
"Anayejaribiwa ni tovuti, mama, si wewe."
Akacheka. "Sawa. Lakini nikikosea uniambie."

Kazi: aombe basari ya bintiye, Lensa, kidato cha pili.

Dakika ya kwanza anasoma kila neno,
hata yale niliyoyaweka kwa urembo.
Dakika ya tatu: Jina la ukoo.
Kidole kinasimama hewani.
"Ukoo upi? Nilikozaliwa Alego, au huku nilikoolewa?
Na huyu ni Akoth kwa sababu alikuja na mvua.
Mvua nayo ina ukoo?"
Ninaandika. Ulimi nimeubana kwa meno.

Dakika ya saba anabonyeza picha ya bahasha.
Ni picha tu. Anabonyeza tena, kwa nguvu,
kama mtu anayebisha hodi
huku anasikia redio ndani.

Halafu maandishi mekundu: Ingizo si sahihi.
"Ingizo ndiyo nini?"
Neno hilo nililisaka usiku kucha kwenye kamusi,
nikalipata, nikajipongeza kwa chai.
Fomu ikajifuta. Alego, mvua, nambari ya kitambulisho,
vyote vikamwagika kama maji ya kufulia.

"Samahani," akasema.
Ananiomba samahani, mimi!
Nikapiga alama kwenye karatasi. Ilikuwa ya sita.
Samahani, miwani imeachwa nyumbani.
Samahani, kidole hiki kimezoea sindano.
Na jibu ninalo kooni, maneno mawili tu,
telezesha chini,
nikalimeza likashuka kama mfupa wa mbuta.

Hapo akaingia mteja wa koti.
Syprose akainuka, pini tano mdomoni,
akamvisha, akarudi nyuma hatua mbili,
akatazama bila neno.
Inua mkono. Keti. Jifanye unaendesha baiskeli.
Kitambaa kikavutana kwapani.
"Samahani, fundi," yule bwana akasema, "nimenenepa."
"Nyamaza wewe," akamjibu kupitia pini.
"Koti ndilo limekosea."
Akalifumua palepale, mshono wote, bila huruma,
kazi ya siku mbili.

Kisha akarudi kwangu, akaketi, akafuta jasho:
"Samahani nimekuchelewesha."
Ya saba.

Sikujua niandike nini.
Nilitazama zile nyuzi chini, bado zimejikunja
zilivyokuwa ndani ya mshono.

"Kifungo cha kutumia kiko wapi?" akauliza.
Sisi tunakiita kitufe. Nilikiweka chini kabisa,
kijivu juu ya kijivu,
Bi. Kageha alisema kinapendeza.
Syprose hakungoja. Akachukua chaki ya kukatia,
ile bapa, ya samawati,
akachora msalaba juu ya kioo chenyewe.
"Mimi ningekishonea hapa. Mkono unafika wenyewe."

Dakika ishirini na mbili. Hakumaliza.
Ndivyo nilivyoandika, kisha nikalikata neno,
kisha nikaliandika tena kwa kuwa halikupata mbadala.

Nimerudi ofisini kwa miguu, kompyuta wazi mikononi
nimeibeba kama sinia la mayai,
wauza makaa wakinishangaa,
chaki isifutike.
Bi. Kageha amekuja na kitambaa cha kupangusia.
Nimemshika mkono.

Leo ni Jumatano.
Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, saa kumi na moja.
Nimeanza kufumua.